Korosho Mnadani, Shamba Kichochoroni

Ikifika Oktoba, mkulima wa Nanyamba au Tandahimba huijua bei ya korosho kuliko bei ya sukari ya duka la jirani. Wanunuzi wameshindana, bei ya juu na ya chini zimesomwa mbele ya watu, na kabla ya magharibi habari imeshafika Msimbati. Mwaka 2024, minada ya msimu ilipofunguliwa chini ya chama kikuu cha ushirika cha TANECU, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo na nchi nzima ikasikia. Lakini muulize mtu huyohuyo shamba la mikorosho linalopakana na lake liliuzwa kiasi gani mwaka jana. Atakujibu kwa "nasikia". Nasikia kaja mtu kutoka Dar es Salaam. Nasikia walimalizana hukohuko mjini.

Huo ndio upungufu mkubwa wa soko la ardhi ya kilimo mkoani Mtwara. Zao la msimu mmoja linauzwa hadharani. Shamba lenye mikorosho itakayozaa miaka thelathini na zaidi linauzwa kimyakimya, mbele ya mashahidi wawili watatu na daftari la shule. Bei inapanda, hilo kila mtu analiona, ila inapanda gizani, na anayejua imefika wapi ni dalali. Na shamba likifika kwenye mnada wa wazi, mara nyingi ni kwa sababu mwenyewe amelemewa na deni.

Pwani hii haikuanza leo kuona mashamba yakipigwa mnada. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitaifisha mashamba makubwa ya Wajerumani katika Tanganyika, ya mkonge na mazao mengine, wakayauza kwa mnada kama mali ya adui. Wahindi na Wagiriki wenye fedha taslimu ndio waliojitwalia mengi. Unguja na Pemba nako, katika miaka ya 1930, mikarafuu iliyowekwa rehani kwa wakopeshaji ilikuwa ikiponyoka mikononi mwa wenyewe, Waarabu na Waafrika, hadi serikali ya kikoloni ikatunga amri ya mwaka 1934 ya kuzuia mashamba yao yasihamishwe bila idhini. Amri ile ilizua ugomvi mkubwa na wafanyabiashara wa Kihindi, lakini ilikiri jambo moja: mkulima akikopa kwa kuutazama msimu na bei ya zao ikaanguka, kinachouzwa mwishoni ni ardhi.

Mwalimu Nyerere aliliona hilo mapema. Katika kijitabu chake cha mwaka 1958, Mali ya Taifa, alipinga umiliki wa ardhi usio na masharti uliokuwa ukipendekezwa na Waingereza, akieleza kwamba katika nchi ya maskini wengi na matajiri wachache soko huria la ardhi lingewageuza wananchi kuwa wapangaji kwao. Miaka mitano baadaye umiliki wa aina hiyo ulifutwa kwa sheria. Kwa miongo mitatu iliyofuata ardhi tupu haikuwa na bei kisheria. Kilichohesabiwa ni maendelezo, yaani nyumba, kisima, minazi, mikorosho. Watu waliuziana ardhi hata hivyo, ila kwa jina la miti. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ndiyo iliyokiri kwamba ardhi ina thamani yenyewe, kisha zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Kwa Mtwara, sheria hizo zilifika kabla tu ya gesi kuanza kutumika.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa na kampuni ya AGIP mwaka 1982, ikalala. Ilianza kuwasha taa za Mtwara na Lindi baada ya mwaka 2006. Kilichobadili bei ya ardhi hasa ni habari za baada ya mwaka 2010, gesi ilipogunduliwa kwa wingi kwenye kina kirefu cha bahari na bomba la kilomita zaidi ya 500 likapangwa kwenda Dar es Salaam. Ghafla Mtwara ukawa mji wa watu wenye ramani mkononi. Waliokuja walinunua Mikindani, wakanunua njia ya Msimbati, wakanunua kuzunguka Madimba kulikokuwa kunajengwa kiwanda cha kuchakata gesi, na upande wa Msijute kulikokuwa kunakuja kiwanda cha saruji cha Dangote. Wengi wao hawakuwa na nia ya kulima hata mche wa muhogo. Walinunua shamba wakitegemea kuuza kiwanja.

Kilichotokea kinajulikana. Januari na Mei 2013 wananchi wa Mtwara waliandamana, na ghasia zikazuka, kupinga gesi kusafirishwa wakati wao hawaoni faida yake. Mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ikaanguka, kampuni za nje zikapunguza wafanyakazi, hoteli zikabaki na vyumba vitupu. Bomba na kiwanda cha saruji vilizinduliwa mwaka 2015, lakini ajira za kudumu zilikuwa chache kuliko matumaini. Waliouziwa kwa bei ya juu walibaki na nyasi. Kuna jambo ambalo madalali wa wakati ule hawakulitia mkazo: Sheria ya Ardhi inayatoa madini na petroli nje ya maana ya ardhi. Ukinunua ekari kumi juu ya gesi, umenunua mchanga na minazi. Gesi ni ya umma.

Waliouza pia hawakupona wote. Aliyeuza mwaka 2012 kwa fedha iliyoonekana nyingi alijenga nyumba ya bati, akanunua pikipiki, kisha akahitaji pa kulima. Akaenda kutafuta shamba ndani zaidi, akakuta na huko bei imepanda kwa sababu ya watu kama yeye. Hii ni njia mojawapo ya bei ya ardhi ya mjini kusafiri hadi kijijini, na haihitaji mwekezaji yeyote kufika huko.

Baada ya gesi, kilichoshika usukani ni korosho na bandari. Mwaka 2017 bei ya mnadani ilikaribia na wakati mwingine kupita shilingi 4,000. Mwaka uliofuata wanunuzi walitaka bei ya chini, wakulima wakakataa, na Novemba 2018 Rais Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba. Msimu wa 2024/25 uzalishaji wa nchi ulivuka tani 500,000, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa. Sehemu kubwa ya mzigo huo inatoka mikoa ya kusini, na serikali imeelekeza korosho isafirishwe kupitia bandari ya Mtwara, ambayo imeongezewa gati la mita 300. Kisiwa Mgao inajengwa bandari nyingine kwa ajili ya mizigo michafu kama makaa ya mawe na saruji. Malori ya makaa kutoka Mbinga yameshazoeleka barabarani. Kila kimojawapo cha vitu hivyo kinataka yadi, ghala, maegesho na nyumba za wafanyakazi, na vyote vinakaa juu ya mashamba ya watu.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kwa sababu biashara hii inazungumzwa sana kwa hisia. Nafasi inayopendekezwa kitaalamu, na ambayo kituo cha utafiti cha Naliendele kimeihubiri miaka mingi, ni mita 12 kwa 12, sawa na miche 28 kwa ekari. Tuchukue mfano wa mezani: kila mkorosho unatoa kilo nane, ekari inatoa kilo 224. Kwa bei ya shilingi 3,000 hiyo ni shilingi 672,000. Toa palizi, kupulizia dawa ya ugonjwa wa ubwiriunga, kuokota, kusafirisha, makato ya chama cha ushirika; tuseme shilingi 172,000. Mkononi inabaki nusu milioni. Mtu mwenye fedha anayetaka mapato ya asilimia 15 kwa mwaka, ambayo ni karibu na riba za benki zetu, anaweza kuilipia ekari hiyo milioni tatu na laki tatu bila kupata hasara. Bei ya korosho ikishuka hadi 2,000, mapato ghafi yanakuwa 448,000, gharama ni zilezile, kinachobaki ni 276,000, na thamani ya ekari kwa mtu yuleyule inaporomoka hadi milioni moja na laki nane. Korosho imeshuka theluthi moja. Shamba limeshuka karibu nusu.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini watu wa kusini hawauzi shamba msimu mzuri. Wanauza msimu mbaya, wakati ambapo shamba halina bei. Anayenunua ni yule aliyebakiwa na fedha msimu mbaya: mfanyabiashara wa mjini, mtumishi mwenye mshahara, au mkulima mkubwa wa kijiji hichohicho. Usije ukadhani mnunuzi wa ardhi ya Mtwara ni mgeni peke yake. Kijijini mkusanyaji mkubwa wa mashamba mara nyingi ni mtu anayeswali msikiti mmoja na wauzaji wake.

Na hata hivyo mauzo ya moja kwa moja ni sehemu ndogo ya habari yenyewe. Soko kubwa zaidi, ambalo halimo katika takwimu wala katika ofisi yoyote ya ardhi, ni la rehani ya mikorosho.

Linakwenda hivi. Korosho inaokotwa kuanzia Septemba au Oktoba, fedha za minada zinaingia hadi mwanzoni mwa mwaka. Ukifika Machi akiba imekwisha. Sare za shule zimenunuliwa, kuna mgonjwa, kuna jando au unyago wa mtoto, na chakula cha ghalani kinapungua. Hapo anatokea mwenye fedha. Anaweza kutoa fedha leo ili alipwe korosho msimu ukifika, kwa kipimo na bei yake. Hiyo ndiyo kangomba, biashara ya magendo ambayo viongozi wa mkoa wanaikemea kila mwaka na kila mwaka ipo. Au anaweza kuchukua mikorosho yenyewe: miti ishirini, misimu mitatu, fedha taslimu mkononi. Katika misimu hiyo yeye ndiye atakayepulizia dawa, yeye ataokota, yeye atapeleka chamani, wakati mwingine kwa jina la mwenye shamba.

Kwa macho ya mkopaji huko si kuuza. Shamba bado ni lake, mipaka ni yake, na babu yake kazikwa pale. Lakini irudie hesabu ya juu. Ekari inayoweza kuingiza nusu milioni kwa msimu ikichukuliwa misimu mitatu ni milioni moja na nusu. Anayeitoa kwa laki tano kwa sababu ya njaa ya Machi amelipa riba ambayo hakuna benki inayothubutu kuitangaza. Na kwa kuwa misimu mitatu hiyo hana mapato, Machi inayofuata anaongeza misimu mingine miwili. Mwisho wa safari ni mauziano ya shamba zima, kwa bei iliyokwisha kukatwa madeni. Hakuna nyundo iliyogongwa, hakuna tangazo lililobandikwa. Hata hivyo ardhi imehamishwa kwa deni, sawasawa na ile mikarafuu ya Unguja.

Desturi ya pwani inairahisishia mambo biashara hii. Tangu zamani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti; minazi ya fulani kusimama kwenye kiwanja cha fulani si jambo la ajabu Mikindani. Uwandani kwa Wamakonde, ambako ardhi kwa jadi ilifuata ukoo wa mama, mkorosho ulileta mzozo wa aina yake: aliyeupanda mti wa miaka mingi alitaka umfuate mwanawe, wakati ardhi ilimhusu mpwa. Mpaka leo kesi nyingi za mabaraza ya ardhi zinaanzia hapo, mtu ameuza miti kumbe mnunuzi anadai amenunua na udongo.

Mwaka 2018 serikali ilipochukua korosho zote, ukaguzi ulifanyika wa waliopeleka mzigo mkubwa, waonyeshe mashamba yao. Lengo lilikuwa kuwanasa wa kangomba. Lakini aliyekodi mikorosho kwa makubaliano halali ya kijijini alijikuta ana korosho bila shamba, na aliyekodisha alikuwa na shamba bila korosho. Serikali iligongana na soko ambalo haikuwahi kuliandika.

Turudi kwenye mnada wenyewe, ule wa shamba, kwa kuwa unaogopwa kuliko unavyoeleweka.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza ni deni la kawaida, lililokwenda mahakamani na hukumu ikatoka. Sheria ya Mwenendo wa Madai inaorodhesha mali ambazo haziwezi kukamatwa, na miongoni mwake ni ardhi ya kilimo ya mtu ambaye maisha yake yote yanaitegemea, pamoja na nyumba anayoishi na familia yake. Kwa maneno mengine, mwenye duka anayekudai mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho hawezi kumtuma dalali wa mahakama aliuze shamba lako pekee. Wakulima wangapi wanalijua hilo? Wachache mno, na ndiyo maana kitisho cha "nitakupeleka mahakamani shamba liuzwe" kinafanya kazi nzuri kuliko mahakama yenyewe.

La pili ni rehani rasmi, uliyoisaini benki kwa hati. Hapo kinga ile haikusaidii. Umeitoa ardhi mwenyewe kuwa dhamana. Lakini kuna utaratibu. Mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya kushindwa kulipa, ya siku 60. Ikiwa shamba ni makazi ya familia, ridhaa ya mwenzi wa ndoa ilipaswa kuwepo tangu mwanzo, na kesi nyingi za rehani nchini zimegeukia hapo. Mnada wa ardhi lazima utangazwe siku 14 kabla, katika mji mkuu wa wilaya na mahali penyewe, kwa Kiswahili, na kwa njia itakayoeleweka hata na asiyejua kusoma. Tena sheria inamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri inayopatikana: shamba likiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba hakutimiza wajibu huo, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unakuwa wake.

Kinga hiyo ni nzuri sana kwenye karatasi. Lakini chini ya bei ipi ya soko? Kwa nyumba ya Mtwara mjini, Shangani au Ligula, mthamini atapata mauzo ya kulinganisha. Kwa ekari nane za mikorosho Mahurunga atalinganisha na nini, na "nasikia"? Mwenye shamba anayekwenda barazani kulalamika kwamba ameuziwa kwa bei ya kutupa anatakiwa kuonyesha bei ambayo kijiji kizima kiliificha, naye akiwa miongoni mwa walioificha.

Watu wanaficha kwa sababu zenye akili kabisa. Kodi ni mojawapo. Faida ya mtu anayeuza mali ya aina hii inatozwa kodi, lakini ardhi ya kilimo ya mtu binafsi yenye thamani isiyofika shilingi milioni 10, iliyolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu ya mwisho, haimo. Kikomo hicho kiliwekwa kumlinda mkulima mdogo. Kinapokutana na shamba la milioni 14, kinageuka kishawishi cha kuandika milioni tisa na ushee. Sababu nyingine ni ile asilimia 10 ambayo serikali nyingi za mitaa na vijiji nchini zimejizoesha kudai kwenye kila mauziano, ingawa viongozi wa wizara wamesema mara nyingi kwamba haina msingi wa kisheria. Ukiandika bei ndogo, asilimia 10 nayo inakuwa ndogo. Na sababu ya tatu ni ndugu: bei ikijulikana, wajomba ni wengi.

Halafu siku moja anakuja mthamini wa fidia.

Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinasema mwananchi anayeondolewa alipwe bei ya soko, pamoja na posho ya usumbufu, usafiri, makazi na faida atakayoikosa, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita riba ianze kuhesabiwa. Bei ya soko inatafutwa, kwanza kabisa, kwa kuangalia mauzo ya karibuni ya mali inayofanana. Yaani ile milioni tisa iliyoandikwa kwa ujanja ndiyo itakayosomwa na mthamini. Mauziano ishirini ya uongo katika kata moja yanatosha kuwashushia fidia watu mia mbili ambao hawakuuza chochote. Mthamini Mkuu wa Serikali anavyo viwango vyake vya maeneo, lakini viwango navyo vinalishwa na taarifa, na taarifa ndiyo hiyo.

Jirani zetu wa Likong'o, Lindi, wanajua kusubiri kulivyo. Zaidi ya hekta 2,000 zilitengwa kwa ajili ya mradi wa kusindika gesi asilia. Fidia ililipwa mwaka 2020, baada ya wakazi kukaa miaka kadhaa hawajui wapande mikorosho mipya au waache. Miche ya korosho inaanza kuzaa mwaka wa tatu. Mtu aliyeacha kupanda miaka mitano amepoteza kitu ambacho hakimo kwenye fomu yoyote.

Upande wa maingilio ya Ruvuma soko lina sura nyingine. Tangu mwaka 2000 ukanda huo, kilomita za mraba 650 za bahari na nchi kavu, ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Vijiji vimo ndani ya hifadhi na watu wanaendelea kuishi na kulima, lakini ujenzi na matumizi ya ufukwe vina masharti. Juu ya hapo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingoni mwa mto. Anayeuziwa "shamba la ufukweni" Msimbati na kuonyeshwa mahali pa kujenga hoteli kwenye mikoko, aombe kuonyeshwa na barua ya hifadhi.

Mabonde ya mpunga ya Kitunguli na Mahurunga ni jambo jingine tena. Kwa vizazi watu wa ukingo huu wamekuwa wakivuka mto kulima upande wa Msumbiji, ambako ardhi ilikuwa tele. Vita vya Cabo Delgado vilivyoanza Oktoba 2017, na shambulio la Oktoba 2020 katika kijiji cha Kitaya upande wetu, viliifanya safari hiyo kuwa ya kuhatarisha maisha. Aliyekuwa na shamba ng'ambo anatafuta la kukodi huku, na bonde halijaongezeka hata hatua moja. Kwa maoni yangu hiki ni chanzo cha kupanda kwa kodi za mashamba ya mpunga kisichozungumzwa kabisa kwenye vikao vya uwekezaji, ambako kila mtu anatazama gesi.

Dawa inayotajwa zaidi kwa matatizo haya yote ni hatimiliki ya kimila. Tangu MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, uanzishwe mwaka 2004 wananchi wameambiwa kwamba hati hiyo ni ufunguo wa benki. Ni kweli kwa kiasi. Lakini benki inayoikubali hati kuwa dhamana inajiuliza kwanza: akishindwa, nitamuuzia nani? Ardhi ya kijiji haiuzwi ovyo. Anayehamishiwa anatakiwa awe mwanakijiji au mtu anayekusudia kuishi au kufanya kazi pale, na halmashauri ya kijiji iridhie. Mnada wenye wanunuzi watatu wanaofahamiana na mwenye shamba hauna ushindani, na hakuna benki inayopenda mnada usio na ushindani. Sharti hilohilo ndilo linalokizuia kijiji kisiuzwe chote kwa msimu mmoja mbaya. Sioni sababu ya kuliondoa ili kuifurahisha benki. Kwa mkulima wa korosho, dhamana iliyo bora ni stakabadhi ya ghala, iliyoruhusiwa na sheria ya mwaka 2005: unakopa juu ya magunia yaliyokwisha kupimwa, na ukishindwa yanauzwa magunia, shamba linabaki. Tatizo lake ni la kalenda tu. Ghala limejaa Oktoba, njaa iko Machi. Chama kitakachoweza kumkopesha mwanachama wake Machi kwa kuangalia mauzo yake ya misimu mitatu iliyopita kitawatoa sokoni wakodishaji wa mikorosho kuliko doria zote za polisi dhidi ya kangomba. Kumbukumbu hizo zipo: kila kilo iliyopita chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, ina jina la mtu.

Na bei ya ardhi? Mnada wa mashamba kila Oktoba hatuuhitaji, ungekuwa balaa. Tunachohitaji ni ile sehemu ya mnada inayomfaa mnyonge, nayo ni bei kusomwa kwa sauti. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, ambayo lazima iridhie kila uhamisho, isome palepale mashamba yaliyohamishwa: ekari ngapi, miti mingapi, shilingi ngapi, kisha ibandike karatasi kwenye ubao uleule unaobandikwa bei za korosho. Majina si lazima yatajwe. Na ile asilimia 10 ifutwe kikwelikweli, kwa kuwa madhali ipo hakuna atakayeandika bei ya kweli. Halmashauri za Mtwara, Nanyamba, Tandahimba na Newala zinaweza kulianza hili bila kusubiri sheria mpya wala mfadhili.

Kwa mkulima anayefikiria kukodisha mikorosho Machi ijayo: andika idadi ya miti, idadi ya misimu, mwezi wa kurudishiwa, na kwamba udongo haumo katika makubaliano. Nakala moja aiweke mtendaji wa kijiji. Kabla ya kusaini, zidisha kilo za msimu uliopita kwa bei ya mnada wa mwisho, toa gharama, kisha zidisha kwa misimu unayoitoa. Kama fedha unayopewa haifiki nusu ya hesabu hiyo, usisaini.